Sanda ya Koko Moina

Mahajanga, Jumanne. Mvua imekatika, joto limebaki palepale. Nimefunga chumba cha kazi tangu saa nne asubuhi na kubandika karatasi mlangoni: naumwa. Si uongo sana.

Naandika kwa Kiswahili nilichosomea Unguja, kwa kuwa hapa kwetu watu husoma Kimalagasi na Kifaransa, na leo sitaki jirani anisome.

Koko Moina alizikwa Ijumaa, kisiwani Nosy Be. Sikuwepo.

Nilimwita koko, yaani bibi, kama sisi Wangazija tunavyowaita wazee wetu, ingawa alikuwa mgonjwa wangu. Saratani ya ini ilikuwa imeshamla. Madaktari wakamleta kwangu, mtaalamu wa saikolojia, nimsaidie kukabili kifo. Miezi mitano, kila Jumatano, alitoka mtaa wa Ampisikina na mwavuli wake wa njano. Mwishoni mwa miaka ya sabini, watu wetu wengi walipouhama mji huu, mabinti zake wawili waliondoka na baba yao kwenda Ngazija. Yeye alibaki, kwa sababu aliyonieleza mimi tu na ambayo sitaiandika hata hapa.

Siku moja alikuja na kifurushi: sanda, pamba, kafuri. Akakiweka mezani, juu ya mafaili.

"Mwanangu, nataka unioshe wewe."

Kwetu maiti ya mwanamke huoshwa na mwanamke wa kwake, binti au dada, kwa sababu mwoshaji huona kila kitu na hasemi. Koko hakuwa na binti hapa, dada yake ni kikongwe asiye na nguvu huko Nosy Be, na siri zake zote zilikuwa kwangu. Kwake jambo lilikuwa wazi.

Nami, kama nilivyofundishwa, nikamuuliza ombi hilo lina maana gani kwake.

"Maana yake nitakufa, na nitahitaji maji." Akacheka kidogo. "Ndani umeniona kote. Nje unaogopa nini?"

Nikamweleza habari ya mipaka ya kazi. Astaghfirullah. Mtu ananikabidhi mwili wake, mimi namsomea kanuni. Ukweli ni kwamba sijawahi kugusa maiti. Mama yangu alipofariki nilijifungia chooni mpaka wakamaliza kumwosha. Miaka kumi na tisa nawafundisha watu kukitazama kifo, na mwenyewe nimekipa kisogo.

Hakunigombeza. Jumatano iliyofuata hakuja. Alikuwa ameshakwenda Nosy Be kwa dada yake, kifurushi akakiacha kwangu. Nikakitia kwenye droo.

Wiki iliyopita, Jumanne, dada mtu alinipigia simu: anakuulizia, njoo. Nikasema nimalize kwanza wagonjwa wa Jumatano. Jumatano, siku yake.

Nikaondoka Alhamisi, nikalala njiani. Ijumaa nafika bandari ya Antsahampano, maji yamekupwa na pantoni imekaa kwenye tope. Nilingoja kwa muda wa saa tatu na kile kifurushi mapajani, nikila ndizi za kuchoma kama mtu aliyetoka matembezini. Nilipofika Nosy Be, wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini. Majirani ndio waliomwosha, watu aliowajua kwa majuma mawili tu. Sanda ilinunuliwa dukani.

Nikamnyooshea dada mtu kifurushi. Akanirudishia kwa mikono miwili.

"Kaa na sanda hii, mwanangu. Nawe utaihitaji."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo linaloniuma.

Nilitaka kuilaumu bahari. Lakini sikuchelewa Antsahampano. Nilichelewa mezani kwangu, siku ile, na kiti chake kilikuwa hatua moja tu kutoka changu.

Tangu Ijumaa naswali na sisikii kitu. Nainama, nainuka, basi. Koko aliwahi kuniuliza kama huko aendako kuna wa kumpokea, nami nikaandika swali lake kwenye daftari badala ya kumjibu. Leo ningempa nini? Sina hata jibu langu mwenyewe.

Kesho saa tatu anakuja mwalimu mstaafu, figo zake zimekwisha. Huniuliza kila mara kama mtu akifa anajua. Sioni nitakavyomtazama usoni.

Mchana huu nimekifungua kifurushi, nikatandika sanda juu ya mkeka. Harufu ya kafuri imejaa chumba kizima. Koko alikuwa mrefu. Nimejilaza juu ya sanda nipime, imenizidi shubiri moja.

Nami sina binti. Nani ataniosha?