Kanali na Mume Wangu Mbele ya Kamera

Jumatatu, 4 Machi
Tumechaguliwa! Yaani sisi! Kipindi kile cha kufundisha mbwa watukutu, ambacho mimi na dada hatukikosi hata umeme ukikatika – tunakifuata kwenye simu. Nimepiga vigelegele mpaka jirani kachungulia. Mbwa wetu Kanali naye akaruka-ruka. Halafu mume wangu akatoka bafuni, na Kanali huyo, meno nje, anambwekea. Kama kawaida. Miaka miwili sasa maskini haingii chumba nilichomo bila kubwekewa. Amesema hii ndiyo nafasi ya mwisho: kipindi kikishindwa, Kanali anahamia kwa shemeji. Kanali wangu! Sitaki hata kuwaza.

Alhamisi, 7 Machi
Wamefunga kamera nne – sebuleni mbili, jikoni, koridoni. Siku tatu tuishi kama kawaida. Kama kawaida! Nimesuka nywele, nimebadilisha mapazia, nimemwogesha Kanali kwa shampuu yangu. Mume wangu kauliza anayerekodiwa ni mbwa au ni mimi. Wote, nikamwambia.

Jumapili, 10 Machi
Kanali katia fora! Kabweka mara kumi na moja, kaondoka na kiatu cha mume wangu. Kila mara nimemtuliza kwa kipande cha nyama. Ndiyo dawa yake.

Jumanne, 12 Machi
Mkufunzi mwenyewe kaja! Mfupi kuliko kwenye runinga, na anaongea kama anayebembeleza mtoto. Kanali kamnusa viatu, kajilaza. Nikapiga makofi.

Kisha tukakaa sote kwenye kochi kuangalia tulivyorekodiwa. Mume wangu anaingia, Kanali anabweka, mimi natoa nyama. Anaingia, anabweka, nyama. Mkufunzi akasema mbwa huyu hana kasoro, ni mwanafunzi hodari sana. Mwalimu wake ni mimi! Nikacheka – ningefanya nini na kamera iko puani? Akairudisha video nyuma, akaukuza uso wangu. Kumbe hata pale nilikuwa nacheka. Mara zote kumi na moja. Mume wangu anajibana ukutani na mfuko wa mkate, mimi nacheka.

Yeye aliangalia mpaka mwisho.

Jumatano, 13 Machi
Zoezi la kwanza! Mume wangu na Kanali peke yao sebuleni, bakuli la nyama analo yeye. Mimi marufuku kuingia. Naandika hapa jikoni.

Anabweka. Anabweka tena.

Kimya. Kimya kirefu! Anakula! Nimerukaruka kama nimeshinda bahati nasibu. Fundi sauti yuko hapa na hedifoni zake. Nimemsihi anipe nisikilize kidogo tu. Kasita, kanipa.

Kanali anatafuna. Mume wangu anaongea naye, kwa sauti ambayo sijaisikia siku nyingi. Anamwambia ale taratibu, hakuna wa kumnyang'anya. Anamwambia kila jioni husimama kwanza nje ya geti, dakika tano, mara nyingine kumi, ajikaze ndipo aingie. Siyo kwa sababu yako, anamwambia. Wewe hata hujawahi kuniuma.

Fundi sauti anaangalia sakafu.

Mkufunzi kachungulia, anatabasamu. Anasema mambo yamekwenda vizuri ajabu, sasa niingie na mimi, polepole. Kamera inanisubiri. Sijui niingie na uso gani.