Ziwa Nililoliangalia Upande Mmoja

Magesa ndugu yangu,

Ni mimi Marwa. Usianze kucheka mwandiko. Wa kwako ulikuwaga kama kuku amekanyaga wino, na wote tuliishia darasa la nne, lakini kwa samaki tumekula vizuri kuliko walimu wetu.

Nimekaa nje hapa kwangu Kamunyonge, daftari nimeliweka juu ya ndoo. Kuna jambo nimelibeba tangu tukuzike. Nitalifikia. Niache kwanza nikupe habari za mjini, unajua mimi siwezi kuingia kwenye neno moja kwa moja.

Banda la mke wako bado lipo. Mama Sabina ameongeza benchi mbili na turubai jipya, lile la zamani lilikuwa linavuja kwenye supu. Abiria wa Bunda bado wanauliza, "Yule mrefu aliyekuwaga anatuchagulia samaki yuko wapi?" Mwanzoni nilikuwa nawaambia umesafiri. Siku hizi nasubiri washibe, ndiyo nawaambia.

Unakumbuka kabla ya banda, tulivyokuwa tunazunguka kutafuta pa kula vizuri kwa bei ya watu? Siku ile tumeingia kwenye ile hoteli ya vitambaa mezani, tukaletewa sato mdogo kama ndala ya mtoto. Ukamwita mhudumu ukamuuliza, "Dada, huyu wazazi wake wanajua yuko hapa?" Tukafukuzwa! Tukaenda kula kwa yule mama wa pale ufukweni, jina silikumbuki, ugali wa muhogo unaongezewa mpaka useme basi, supu ya kichwa cha sangara bure. Ndiyo ukanifundisha kanuni yako: usiangalie meza, angalia wanaokula. Ukiona watu wa boti wanakula mahali, kaa. Wale samaki wamewavua wenyewe, huwezi kuwadanganya.

Kanuni hiyo ndiyo imenilisha. Mpaka leo nasimama stendi nawaambia wageni, "Njooni wanapokula wavuvi, mkisikia njaa jioni nilaumuni mimi." Wanacheka, wanakuja.

Sasa nakuja kwenye lile neno.

Siku ile ulikuwa kisiwani na Juma, msaidizi wako wa boti, mmeshapakia samaki. Huku banda lilikuwa limejaa wageni wa Butiama, watu kumi na nne, wametoka Bweri kupeleka posa. Wamebishania ng'ombe tangu asubuhi, wana njaa ya hasira. Mimi ndiye niliyewaahidi sato wa kutoka majini siku hiyo hiyo. Mimi na mdomo wangu.

Ukanipigia. Ukasema, "Marwa, huku tumekingwa na kisiwa, sioni kitu. Ziwa likoje huko?"

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi, bakuli la supu mkononi. Nikageuza shingo nikaangalia ghuba hapo mbele. Nikakuambia, "Limelala kama uji uliopoa. Njoo, hawa watu watanila mimi."

Magesa, niliangalia ghuba. Wewe ulikuwa unakuja kwa upande wa ziwa lenyewe. Kila mtu wa Musoma anajua mji wetu umechomoza majini, huku ghubani maji yanaweza kulala na kule ziwani yanapasua mawe. Ulinichekaga mimi Mkurya wa nchi kavu, nikiona maji ya magoti naanza kusali, lakini hata mimi nilijua hilo. Kutoka bandani mpaka kwenye mawe ya upande wa pili ni dakika kumi kwa mguu. Sikwenda. Supu ilikuwa ya moto.

Juma alisimulia msibani. Alisema mawimbi yalikuwa kama zile nyumba mpya za Bweri, moja ikipita nyingine imeshasimama. Boti ikapanda, ikashuka, ikapanda, ya tatu haikushuka vizuri. Yeye alishika dumu la mafuta, likamwokoa. Wewe, anasema, alikuona mara ya mwisho umeinama unafunga kasha la samaki lisimwagike.

Samaki wa wageni wangu.

Watu wote walisema, "Magesa alijiamini mno na ziwa." Hata mke wako alisema hivyo, kwa uchungu. Na mimi nilikuwa nimekaa pale nimeinamisha kichwa, nikawaacha waseme.

Basi. Tangu hapo kila asubuhi nakwenda kule kwenye mawe. Nasimama, naangalia, nampigia Juma, maana sasa ndiye anayeleta samaki. Watu wananiona nimechanganyikiwa. Muuza mihogo mmoja ananiita Meneja wa Mawimbi, na mimi nimeshamwambia nangoja sare.

Mwezi uliopita wakapiga simu wafanyabiashara wa pamba wa Bunda, Hiace nzima, wanataka sato wakubwa. Mama Sabina akakubali. Juma alikuwa kisiwani. Asubuhi nafika kwenye mawe, sikuweza hata kuyakaribia. Wimbi linakuja limekunja ngumi, linapiga, povu linanifikia usoni. Nikampigia Juma, "Lala huko huko. Ukiwasha injini nakufuata kwa kuogelea." Akajua sitanii, maana kuogelea sijui.

Nikaenda kumwambia mke wako. Akawaka. "Marwa, nani amekupa kazi ya kukataa wateja wangu? Wateja wa Hiace nzima! Hebu angalia, ziwa si hilo limetulia!"

Akanyoosha mwiko. Pale pale kwenye ghuba. Pale pale nilipoangalia mimi.

Nikashindwa kutania, ndugu yangu. Nikamwambia yote. Simu, supu, uji uliopoa. Nikamwambia mume wako hakujiamini, aliuliza, mimi ndiye niliyejibu.

Aliacha mafuta kwenye karai mpaka yakaanza kutoa moshi. Halafu akasema, "Toka."

Nikatoka. Lakini sikukimbia. Nilikwenda kusimama barabarani nikawasubiri wale wa Bunda, nikawaambia, "Wakubwa zangu, samaki wenu wako kisiwani na leo hawaji, ziwa limechafuka. Kuna dagaa wa kukaanga, nyanya nyingi na ugali wa muhogo. Asiyetaka nimuelekeze kwingine." Mmoja mwenye tumbo akafoka, "Nitoke Bunda nije kula dagaa? Bunda dagaa wameisha?" Nikamwambia, "Hawajaisha mzee, lakini wa Bunda hawajapikwa na Mama Sabina." Wakaenda bandani. Juma aliporudi kutoka kisiwani akasikia habari, akaniambia yule yule mwenye tumbo ndiye aliyeomba dagaa mara ya pili, na wengine wakamtania njia nzima.

Siku tisa sikukanyaga bandani. Kwenye mawe nilikwenda siku zote tisa, na Juma hakuondoka kisiwani bila sauti yangu. Abiria stendi niliwapeleka kwa mke wako, nikaishia kwenye kona, nikawaonyesha kwa kidole.

Jana Juma akaja hapa kwangu, amesimama mlangoni kama mtu wa kudai. Akasema, "Shemeji yako ana maneno. Anasema hajakusamehe, na usimuulize lini. Lakini wageni wanafika, hakuna wa kuwachangamsha, wanakula kama wako msibani. Kesho uje."

Leo ndiyo kesho yenyewe. Nimeshatoka kwenye mawe, ziwa leo ni zuri pande zote mbili, nimeangalia kwa macho yangu. Sijasamehewa, Magesa, lakini kazi nimepewa, na nitaifanya mpaka miguu ikatae.

Sasa hivi nafunga daftari naelekea bandani. Lala salama, mrefu wangu, huko uliko asikuwekee mtu samaki mdogo.

Na nakuahidi hili. Sabina wako bado mdogo, anajua tu baba alichukuliwa na mawimbi. Siku akikua akaniuliza ilikuwaje, nitamkalisha chini nimwambie mimi mwenyewe, kwa mdomo huu huu, bila utani hata mmoja.

Rafiki yako,
Marwa