Nani Atamfunga Bibi Mkanda?

Kiomboi, Jumapili, 14 Septemba 2025. Upepo na vumbi tangu asubuhi.

Leo nitaandika yote hapa mtandaoni, hata yanayonitia aibu.

Bibi hainuki tena bila kushikwa. Daktari alimruhusu arudi nyumbani, na sote tunajua maana yake.

Zamani alikuwa muuguzi. Yeye, walimu wachache wa kike na mpiga taipu mmoja walianzisha klabu yao, maana kwenye klabu ya watumishi wanawake walikaribishwa kupika tu. Jumamosi walikunywa chai na kufundishana kuendesha baiskeli. Watu waliwasema: wanawake wenye mshahara hawasikii la mtu.

Kisha yule mpiga taipu akafa. Hakuwa ameolewa, na ndugu zake walikataa kumwosha. Wenzake wakamwosha, wakamvalisha gauni jeupe na mkanda wa buluu. Tangu hapo ikawa sheria: mwanaklabu hufungwa mkanda na mwanaklabu.

Bibi amewafunga wote. Wa mwisho alikuwa mwalimu wa Mtinko, mwezi uliopita. Tulimshikilia Bibi pande zote mbili, lakini fundo alilifunga mwenyewe.

Sasa amebaki peke yake.

Jana Mama alikuwa akimlisha uji, akamwambia, "Mama, nitakufunga mimi."

"Klabu ni ya wenye kazi, mwanangu."

"Na alizeti ninayolima ni mchezo?"

Bibi alifumba macho. Mama akaweka bakuli chini, akatoka.

Nikasema basi nitamfunga mimi, kwani nitakuwa muuguzi. Bibi akacheka mpaka akakohoa. "Wewe kazi yako ni kumaliza ugali wangu. Soma kwanza."

Niko kidato cha tatu. Hatanisubiri.

Nakiri, nilimchukia kidogo. Wao walifungiwa mlango, na sasa anamfungia Mama.

Leo baada ya kanisa nilimkuta Mama anaupiga pasi mkanda wa buluu wa Bibi. Bibi alikuwa anamtazama kutoka kitandani. Nilidhani atamnyang'anya. Akasema tu, "Kunja kwa upande wa ndani, usipauke."

Mama akakunja hivyo.

Sijui kama hiyo ni ruhusa. Naogopa kumuuliza Bibi, asije akasema hapana.

Kesho narudi bwenini, na huko simu haziruhusiwi. Kama wewe unayesoma uliwahi kuwa katika klabu ya namna hii, mahali popote, tafadhali nijibu leo: kwenu, mkulima angeruhusiwa kumfunga mama yake mkanda?