Spika za Babu na Kanda ya Harusi Yako

Sayyida Zainab,
Kairo.
9 Februari 1998

Mpendwa Mjomba Wagih,

Salamu tele zikukute huko Kuwait wewe, Bi Nagwa na watoto. Tumbo lako limeacha kukusumbua? Sisi wazima. Mama anakohoa kidogo, na mimi nimezidi kupendeza, waulize wasichana wa mtaani. Habari za shule usiulize, tuliachana kwa amani.

Sababu ya barua hii ni Babu. Sikio lake la kulia limekufa kabisa, na daktari anasema la kushoto nalo halifiki mbali. Basi ameuza kishamba chake cha Banha anunue mashine nzuri ya muziki, aisikilize kanda moja tu kabla hajawa kiziwi: ile ya harusi yako, alipopiga udi. Unaijua. Udi unanyamaza, kisha mtu mmoja anaita "Allaaah" kwa kumsifu mpigaji, mpaka pumzi inamwishia. Miaka kumi na tisa Babu anairingia hiyo Allah kuliko hija yake. Suruali zote alizoshona maishani, hakuna hata moja iliyoitiwa Allah.

Akanichagua mimi nimpeleke madukani, maana masikio yangu ni ya popo. Mjomba, nimerudi na kichefuchefu.

Tulianza na za bei rahisi, Mtaa wa Abdul-Aziz. Masanduku marefu kama majeneza, taa nyekundu zinacheza mbele. Nikafungua kifuniko cha nyuma. Ndani mna spika ndogo kama kisahani cha chai, na tofali. Tofali la kujengea. Muuzaji hakuona hata haya.

"Tofali ndilo linaloleta besi, bwana mdogo."

"Basi nyumba yetu nzima ni besi," nikamwambia. "Njoo uinunue."

Duka la pili ni la vitu vilivyotumika, bei ya kati. Mwenye duka anapenga kamasi kwa mkono, kisha anapapasa amplifaya kwa mkono uleule. Sikutaka hata kumwamkia. Lakini mashine yake ilikuwa ya kweli. Kanda ikalia, Allah ikatoka imefunikwa ukungu kidogo, Babu akafuta macho. Nikajua tumemaliza. Ndipo mteja mmoja mwenye miwani akamdakia Babu: "Haji Labib, hapa unasikia nusu. Nenda Zamalek ukasikie kila kitu."

Kila kitu. Neno hilo likamwingia Babu kama pepo.

Huko Zamalek, kwa matajiri, duka liko ghorofa ya nne, na lifti ni mbovu. Babu na magoti yake akabaki kwenye mkahawa chini, nikapanda na kanda. Ndani zulia, na jamaa wa tai anayenong'ona utadhani kuna mgonjwa. "Usiguse, kijana. Spika hizi zinapumua." Akanionyesha waya, waya tu, mnene kama shingo ya bata, bei yake inashinda jokofu la Mama. Nilitamani kutapika palepale kwenye zulia.

Akaweka kanda. Na nikiri, spika zile hazifichi kitu. Nilisikia kucha za Babu kwenye nyuzi. Nilisikia vijiko. Udi ukanyamaza, na pale karibu na maikrofoni nikakusikia wewe, bwana harusi mwenyewe, na sauti yako ya puani: "Yallaaah." Kisha chinichini: "Mzee maliza, kondoo anapoa."

Yallah, yaani haya, fanya haraka. Ndiyo Allah yetu hiyo.

Mwenye tai alicheka mpaka tai ikapinda. Nikachomoa kanda nikaondoka. Mzee wa watu amekushonea suti ya harusi kwa mkono, anakupigia udi mbele ya mtaa mzima, wewe unawaza nyama. Nilipopita kwenye kioo cha ngazi nikaiona pua yangu, ambayo ni yako, nikaichukia.

"Vipi?" Babu akauliza.

"Takataka, Babu. Udi wako umemezwa na ngamia."

"Na ile Allah?"

"Haikutoka kabisa."

Akacheka kwa dharau. "Bei yote hiyo, na kiziwi kunishinda." Tukarudi kwa yule wa kamasi, tukachukua mashine yake.

Sasa kila alasiri anaweka kanda, na pale udi unaponyamaza anainua kidole. Jana akasema: "Wagih alikaa karibu na maikrofoni. Akija Idi atanitajia nani aliyeita, nikambusu kichwa."

Usimtaje mtu mwingine. Mwambie ni wewe, si uongo. Kisha kaa upande wa kushoto kwake, turudishe kanda, uite tena, kwa pumzi zako zote.

Nisalimie Bi Nagwa, Husni na Dalia. Mama anakusalimu sana, naye hajui lolote. Mungu akufikishe salama, hata mikono mitupu, ila ile Y iache hukohuko Kuwait.

Mpwa wako akupendaye, hata wiki hii,

Ramzi