Koti la Ocen

Jumatatu, 3 Machi

Wengi hukosea hapa: hudhani sumu huingia kwa mdomo tu. Wanaficha chupa juu ya kabati, wanatulia. Nimefundisha biolojia hadi kustaafu. Ngozi nayo hunywa.

Mwanangu Ocen hunyunyizia dawa nyanya za watu bondeni, chini ya mtaa wa Bugolobi. Jioni anarudi na koti la kazi, mgongo umelowa pale bomba la dawa linapovuja. Mwanawe Aber anamkimbilia, anakumbatia koti lote. Kisha anajifunika nalo, analala. Mjukuu wangu anakaribia miaka mitatu na maneno yake bado ni machache. Sipendi.

Jumatano, 5 Machi

Kijiko kimemponyoka Aber tena. Mikono haitulii. Mtoto wa jirani, rika lake, anasimulia habari nzima. Watoto hutofautiana, nimewaambia hivyo wazazi wengi. Leo hainisaidii.

Nimemweleza Ocen wakati wa chai. Dawa kidogo kwetu ni nyingi kwa mtoto. Anatia kila kitu mdomoni. Ubongo wake bado unajengwa. Akacheka: "Mama, hii dawa ni ya wadudu. Mimi niko mdudu?"

Mkewe, Furaha, alikuwa mlangoni na furushi lake la vitenge, anakwenda sokoni Owino. "Baba Aber, hilo koti ndilo mke wako wa pili? Mlale nje wote wawili."

Tulicheka. Koti likabaki kwenye msumari wake, juu ya mkeka wa mtoto.

Ijumaa, 7 Machi

Ocen kapeleka bomba la dawa kwa mafundi wa Katwe likazibwe. Koti limebaki, nikalificha nyuma ya gunia la makaa. Aber alilia mpaka sauti ikakauka. Wazazi wote wawili hawapo mchana kutwa. Harufu ya koti ndiyo baba yake. Nilielewa. Sikulitoa.

Ocen aliporudi alilitoa mwenyewe, akamfunika. Hakunitazama. Nina hasira. Nimefagia ua uliokwisha kufagiliwa.

Jumapili, 9 Machi

Jana Ocen alinyunyizia dawa mpya, kali. Leo mchana nimemkuta Aber na mkono wa koti mdomoni. Jasho. Mate yanamtoka. Mboni ndogo kama ncha ya sindano.

Ocen kambeba, bodaboda, kliniki. Daktari alimvua nguo zote, akamwosha kwa sabuni, ndipo sindano. Akamgeukia Ocen: "Umembeba na shati la kazi? Livue." Ocen alisimama ukutani kifua wazi, analia. Furaha alikuja kutoka sokoni, akamvika kitenge. Hakumtania.

Naogopa. 

Jumanne, 11 Machi

Aber yuko nyumbani tangu jana. Anakula. Daktari anasema hatari imepita. Kuhusu maneno na mikono, hawezi kusema kama ni dawa, huenda ndiyo. Tumrudishe apimwe, tumsemeshe sana, tumwondoe kwenye dawa. Nilitaka jibu. 

Jana jioni Ocen alitoka bondeni, akaoga kwenye bomba la maji la uani, akavaa shati safi, ndipo akaingia. Aber alitazama nyuma yake, akitafuta koti. Kisha akamnusa shingoni. Akakaa hapo.

Koti liko nje, chini, ndani ya kaveera, mfuko wa plastiki. Mtoto anaweza kulifikia.

Leo, kabla Ocen hajarudi: ning'oe ule msumari wa koti ulio ndani, niupigilie nje, juu, mtoto asifike.