Kigae cha Alton na Bamba la Dewitt

418 Barabara ya Hollis,
Macon, Georgia.
Jumatatu, 12 Agosti 2019

Mpendwa shemeji Dewitt,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto linalowachosha hata mbu. Goti lako linaendeleaje? Marvella hajambo? Mimi ni mzima, ila mgongo unanikumbusha kila asubuhi kwamba nina miaka sitini na nane. Kaka yako naye anaendelea. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kuta za nyumba hii ni nyembamba, na habari yenyewe inamhusu yeye.

Uliniuliza kama Alton amekukasirikia, maana tangu apate kiharusi mwezi wa Februari hajapokea simu yako hata mara moja. Hapana, shemeji. Anaona aibu. Ulimi umekuwa mzito, maneno yanamjia moja moja, na mtu aliyezoea kukutania kila Jumapili kuhusu udongo na chuma hataki umsikie akigugumia. Ningekuambia mapema, lakini alinikataza. Nisamehe.

Sasa nikupe ya juzi Jumamosi. Jana kanisani ilikuwa ile Jumapili ya kurudi nyumbani, waliohama wamekuja kutoka kila upande, na unajua mabega ya nguruwe hutoka uani kwetu tangu enzi za mama yenu. Watu waliniambia mwaka huu nipeleke maharage tu. Nikakataa. Kusema kweli nilikuwa na haja yangu: nilitaka harufu ya moshi imtoe Alton kitandani, maana tangu Februari alikuwa hajakanyaga uani.

Alfajiri niliwasha lile jiko lake la umbo la yai, nikaweka kile kigae chake cha udongo wa kuchoma juu ya mkaa ili nyama isipigwe na moto moja kwa moja. Miaka kumi na minne amekitunza kigae kile. Kisha nikafanya ujinga wangu. Trei ya kukingia mafuta nilikuwa nimeijaza maji na siki ya tofaa tangu jana yake, nikaihifadhi kwenye friji. Nikaitoa na ubaridi wake wote, nikaiweka juu ya kigae kilichokwisha kushika moto. Nilisikia mlio mmoja tu. Vipande vitatu! Nikakaa kwenye ngazi nikalia, na usimwambie mtu.

Halafu nikakumbuka bamba la chuma ulilotutumia Krismasi, ambalo kaka yako aliliita kikaangio na kulisukumia chini ya meza ya stoo. Nikavitoa vile vipande kwa koleo, nikalitia bamba. Likapata moto upesi, wala halikujali trei. Nikajisemea, kumbe Dewitt hakuwa anabwabwaja. Kufika saa tatu mambo yakageuka. Trei ilikuwa imekauka juu ya chuma, mafuta yanaungua, moshi mweusi mchungu unafuka, na mle ndani mna nyama ya watu sitini.

Nikiwa nahangaika, nikasikia mlango wa nyuma. Alton, na fimbo yake, na nguo za kulalia. Akashuka ngazi zote tatu peke yake.

“Nani... kaweka... sufuria humu?”

“Kigae kimevunjika, Alton. Nimekivunja mimi. Hili ni la Dewitt.”

Akalitazama weee. “Hiyo trei... inyanyue. Weka... weka...”

Hapa nisikilize vizuri, shemeji. Tangu Februari kila neno likimkwama mimi humsaidia. Namalizia sentensi kabla hajapata nafasi ya kulitafuta, nami nikidhani huo ndio upendo. Juzi nilikuwa na koleo mkono huu na trei ya moto mkono ule, moshi umenijaa kooni, sikuweza kumsaidia. Nikangoja. Akakunja uso, akagonga fimbo chini mara mbili, na neno likaja.

“Nati! Nati tatu... chini yake. Hewa ipite. Chuma kinaunguza... kila kinachokigusa. Miaka kumi namwambia... yule mjinga!”

Yule mjinga ni wewe. Sijawahi kufurahi hivyo kusikia unatukanwa.

Nikaleta nati tatu kubwa kutoka stoo, trei ikakaa juu yake, nikaongeza maji ya moto, na moshi ukawa mwembamba, safi. Alikaa kwenye kiti chake pale uani mpaka saa kumi na moja jioni akiniamrisha. Jana nyama iliisha kabla hata pai hazijakatwa.

Nimewaza sana tangu siku hiyo. Yeye miaka thelathini na moja kiwanda cha matofali, wewe maisha yako yote kuchomelea meli. Kila mmoja anatetea kilichomlisha. Udongo huupokea moto taratibu na kuusambaza kwa upole, lakini ukiukosea mara moja umekwisha. Chuma kinavumilia mikono ya haraka kama yangu, ila ukikiegemezea kitu bila nafasi kinakiunguza. Nilikuwa nimemkaribia mno Alton, shemeji, na sikujua. Bamba lako limebaki mle ndani ya jiko lake kwa amri yake, ingawa ameniapisha nisikuambie.

Msalimie sana Marvella, na Renita na mapacha wake. Dada Ozella wa kwaya anakusalimu. Mungu awatunze huko mliko, na atupe uhai tuonane mwakani uani hapa.

Jambo la mwisho. Jumapili hii baada ya ibada simu yako italia, na atakayekuwa anapiga si mimi. Ana mengi ya kukutukana kuhusu hilo bamba, na yatamchukua muda. Kimya kikiwa kirefu usimmalizie. Mngoje.

Ni mimi shemeji yako anayekupenda siku zote,
Verdell