Foto ya Ndoa ya Mpwa Wangu

Jumamosi, jioni

Leo nimekuwa mwizi kwa sababu ya foto.

Kwenye mkutano wangu wa kampeni pale Musonoi, mama mmoja alisimama na simu yake. "Mama, ni weye huyu unacheza na ule mununuzi wa madini mwenye mizani ya uongo?"

"Ni mi," nikamjibu. "Ilikuwa ndoa ya mpwa wangu. Huyo mununuzi alinikanyaga mguu mara tatu."

Watu walicheka. Wachimbaji waliokuwa nyuma hawakucheka. Nahofia kura zao.

Nilirudi kwa pikipiki nikiwa na hasira, hadi nikakumbuka kwamba wiki jana mi mwenyewe nilimwita mpinzani wangu mwizi, eti shemeji yake aliuzia watu wawili kiwanja kimoja. Aibu ikanishika. Nikashuka kwenye duka la dawa la huyo mpinzani.

"Tata, nilikosea kukuhukumu kwa makosa ya shemeji yako. Kesho nitasema vile mbele ya batu."

Aliendelea kupanga dawa, halafu akatabasamu. "Aksanti, mama. Lakini shemeji yangu usimutetee. Ile kiwanja, mutu wa pili alikuwa mi."

Kesho nitasema. Sijui nitasemaje bila kucheka.